Vipepeo Wanapita Sigor, Nani Anaandika?

Najua kurasa za jarida letu huwa na makala kuhusu nidhamu, dawa za kulevya, umuhimu wa lugha ya taifa na jinsi ya kupita mtihani. Sina ugomvi na mada hizo, na wanaoziandika wanazimudu kuliko mimi. Leo naomba dakika zako chache nikueleze habari ya vipepeo. Usicheke kwanza. Ukifika mwisho na bado unataka kucheka, nitafute nyuma ya maktaba tucheke pamoja.

Kila mwaka, na pengine zaidi ya mara moja kwa mwaka, hapa kwetu Sigor hupita msafara. Ni vipepeo weupe, na kati yao wengine wa manjano iliyopauka, mamia kwa maelfu, wote wameelekea upande mmoja kama watu wanaowahi mnada wa ng'ombe. Msafara hudumu siku mbili au tatu, wakati mwingine wiki nzima, halafu kimya. Kila mtu huwaona. Watoto huwafukuza kwa matawi, wazee huinua macho kidogo kisha wakaendelea na mazungumzo yao, na sisi wanafunzi huwatazama dirishani mpaka mwalimu aulize kama ubao umehamia nje. Baada ya mwezi mmoja hebu muulize mtu yeyote: walipita tarehe ngapi? Walitoka wapi, wakaenda wapi? Atakujibu, "Si ni ule wakati tulikuwa tunapalilia?" Basi, imekwisha.

Msimamo wangu ni kwamba msafara huu ni mali yetu, na ni aibu kwetu sisi tunaojiita wasomi kukosa hata daftari moja la kuuandikia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni anapita mlangoni mwake kila mwaka na yeye hajamwuliza hata jina?

Muhula wa pili mwaka huu, mimi na wenzangu wawili wa kidato cha tatu tuliamua kuwatazama kwa makini. Tulichagua goli la upande wa chini wa uwanja. Milingoti ya goli imeachana mita 7 na kidogo, kwa hivyo ni lango ambalo wenye mpira wao walikwisha kutupimia. Mmoja alihesabu, mmoja akashika saa, mmoja akaandika. Dakika kumi wakati wa mapumziko ya saa nne, dakika kumi baada ya chakula cha mchana, dakika kumi kabla ya michezo. Wachezaji walitusimanga sana, eti tumekuwa walinda mlango wa wadudu. Siku ya jua kali, katika dakika kumi za mchana, walipita 83 kati ya milingoti ile miwili tu. Siku iliyofuata mbingu ilifunga, na kwa muda ule ule walipita 4.

Nikuambie tuliyoyaona, maana kuna tofauti kubwa kati ya kipepeo aliye nyumbani na kipepeo aliye safarini. Wa nyumbani ni mzururaji. Anagusa ua hili, anarudi kwa lile, anazunguka, anakimbizana na mwenzake mpaka unachoka wewe unayemtazama. Msafiri hana mchezo huo. Anaruka kimo cha kiuno au cha kichwa, moja kwa moja, na maua ya bustani iliyo mbele ya ofisi hayamvuti kabisa au yanamvuta kwa nukta chache tu. Akifika kwenye ukuta wa bwalo hauzunguki, hata kama pembe ya jengo iko hatua tatu kutoka hapo. Anapanda na ukuta, anavuka bati, anashuka upande wa pili mpaka kimo kile kile alichokuwa nacho, na anaendelea na njia yake kana kwamba bwalo halikuwepo. Tulikaa tukingoja mmoja wao atumie akili, kama tulivyosema kwa mzaha, azunguke pembeni. Hakuna aliyezunguka.

Wingu likifunika jua, idadi inapungua mara moja. Wanatua kwenye nyasi na kwenye ua, wanafunga mbawa, na ukipita haraka utadhani ni majani makavu. Jua likitoka wanainuka, na jambo lililonishangaza ni kwamba wanaondoka kwa mwelekeo ule ule waliokuwa nao kabla ya kutua. Hakuna anayerudi alikotoka. Kuhusu kuruka chini chini, sababu yake ni ya busara. Upepo wa karibu na ardhi ni mpole kuliko wa juu. Mdudu mwepesi hivyo akipanda juu atachukuliwa na upepo unakotaka upepo. Akibaki chini anaenda anakotaka yeye.

Tuliwaona wakitoka upande wa Transmara na kupanda kuelekea nyanda za chai. Mzee mmoja jirani ya shule, ambaye ameishi hapa tangu msitu wa Chepalungu ukiwa msitu wa kweli, ananishikilia kwamba katika ujana wake walikuwa wakishuka kuelekea Mara. Huenda sote wawili tuko sahihi. Safari hizi hufuata mvua, na mvua haina upande mmoja. Lakini umeona shida iliyopo? Mimi na mzee tunaweza kubishana mpaka jua litue, na hakuna karatasi hata moja ya kutuamua.

Sasa hawa wageni ni akina nani? Wale weupe wana mishipa ya kahawia iliyokoza kwenye mbawa, kama waliochorwa kwa kalamu. Wataalamu huwaita Belenois aurota. Viwavi wao hula majani ya vichaka vya nyika kama vile Maerua na Boscia. Mvua ikinyesha nyikani vichaka huchipua, mayai hutagwa kwa wingi, na baada ya wiki chache viwavi huwa wengi kiasi cha kuacha matawi matupu. Wakigeuka vipepeo, hapana tena chakula cha watoto wao pale. Wanaondoka. Hawakimbii theluji. Wanafuata majani mabichi, kama wafugaji wafanyavyo na mifugo yao.

Yule wa manjano iliyopauka, mkubwa kidogo na mwenye kasi kama mtoto aliyetumwa dukani akaahidiwa peremende, ni Catopsilia florella. Huyu ana udugu na sisi. Viwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya Senna, na mmoja katika jamii hiyo ni senetwet. Kila mtoto wa Kipsigis anaijua senetwet: kile kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mshumaa, na vitumba vyeusi kileleni, ukisugua majani yake yananuka kama karanga za kukaanga. Mkaa wake ndio mama zetu hutumia kusugulia ndani ya sotet kabla ya kutia maziwa, na mursik ikapata rangi yake ya majivu na ule utamu ambao mtu wa bweni huuota usiku. Wanariadha wetu wakirudi na medali hupokewa kwa mursik pale uwanja wa ndege, kamera zikimweka. Hakuna anayemkumbuka kipepeo, ingawa mmea uliotia ladha katika kibuyu kile ndio unaomlea. Huko visiwa vya Canary, mbele ya pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika, watu walipanda senetwet kama ua la bustani tu. Katika miaka ya 1960 kipepeo huyu akatokea huko, akakuta meza imeandaliwa, na mpaka leo yuko.

Tena tazama chai yetu. Panda matatu uende Bomet, kisha Kericho, macho yako yatajaa kijani mpaka yachoke. Mgeni husema, lo, nchi gani hii yenye mimea! Kwa kipepeo msafiri ni jangwa. Mchai huchumwa machipukizi kila baada ya siku chache, hauachwi ukue ukatoa maua, na viwavi wa hawa wageni wetu hawauli. Sisemi chai ing'olewe. Karo ya wengi wetu hutoka humo, hata huku kwetu Chepalungu ambako mahindi na ng'ombe wa maziwa vimeizidi. Nasema tu kwamba ua wa shamba, kingo za mito kama Nyangores na Amala, na vichaka vya kando ya barabara ndiyo mikahawa na nyumba za kulala wageni kwa hawa. Tukizifyeka zote, watapita bila kutua, na siku moja hawatapita.

Pengine umesoma kuhusu kipepeo wa Amerika Kaskazini ambaye huitwa kipepeo mfalme, Danaus plexippus kwa jina la kitaalamu. Uzito wake ni kama nusu gramu. Ifikapo Septemba huondoka kusini mwa Kanada na kaskazini mwa Marekani akaelekea milima ya Michoacán nchini Meksiko, safari inayoweza kuzidi kilomita 4,000. Huko mamilioni hujishikiza juu ya miti ya jamii ya msonobari mpaka matawi yanapinda. Dira yake ni jua, na kwa kuwa jua halikai mahali pamoja, ana saa ya mwilini katika vipapasio vyake inayomrekebishia njia. Anayerudi kaskazini na kufika mwisho si yule aliyekuja. Huzaa njiani akafa, watoto wakaendelea, wajukuu wakaendelea. Atakayefunga safari ya Meksiko mwaka unaofuata ni kitukuu au kilembwe, hajawahi kuiona milima ile, na bado atafika pale pale.

Mimi linalonigusa zaidi ni jinsi habari hiyo ilivyopatikana. Mtaalamu wa Kanada, Fred Urquhart, na mkewe Norah, walihangaika miongo kadhaa wakitafuta vipepeo hao huenda wapi. Walibandika vijikaratasi vyenye namba kwenye mbawa, wakaomba watu wa kawaida kila pembe ya bara lile wawasaidie kubandika na kuandika. Januari 1975 wasaidizi wao wawili, Kenneth Brugger na Catalina Aguado, wakayafikia makao ya milimani. Mwaka uliofuata, Januari 1976, Urquhart mwenyewe alifika, na chini ya miti ile akaokota kipepeo mwenye kijikaratasi. Namba ilipofuatiliwa, kumbe kilibandikwa Agosti 1975 huko Chaska, jimbo la Minnesota, na mwalimu mmoja pamoja na wanafunzi wake wawili. Nasema wanafunzi wawili! Siyo maprofesa wenye makoti meupe. Ni watoto wa shule waliotoka nje mchana wakiwa na wavu na gundi.

Na tusiwasahau watu wa Michoacán. Wao walikuwa wakiwaona vipepeo miaka nenda miaka rudi. Huwasili karibu na tarehe 1 na 2 Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, na wenyeji wengi huamini kwamba ni roho za wazee zimekuja kusalimu. Jambo lililowakosesha wataalamu usingizi halikuwa siri kijijini. Lilikuwa halijaandikwa mahali ambapo lingeweza kukutana na namba ya Minnesota, basi.

Hapa kwetu binamu wa kipepeo mfalme tunaye, tena ni mwenyeji. Ni yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, arukaye polepole kama mwenye cheo. Jina lake Danaus chrysippus. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, sumu hiyo ikabaki mwilini, na ndege akimwonja mara moja hatamani mara ya pili. Ndiyo maana hana haraka. Kuna hata kipepeo mwingine asiye na sumu ambaye jike lake limevaa sare za huyu ili liogopwe bure, kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeazima tai ya kiranja. Watafiti waliofanya kazi pande za Nairobi wamegundua kwamba maumbo ya kipepeo huyu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika hukutana pale, na kwamba majike wengi wana bakteria wanaoua watoto wa kiume wakiwa bado mayai. Mambo makubwa hayo, na yametokea safari ya saa chache tu kwa basi kutoka hapa.

Afrika Mashariki haikuwa nyuma tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mwingereza C. B. Williams alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika, akiandika misafara ya vipepeo. Mwaka 1930 alichapisha kitabu kizima juu ya uhamaji wa vipepeo. Karibu miaka mia imepita. Mtu aliyekaa Amani miaka michache aliandika. Sisi tuliozaliwa njiani mwa msafara hatuandiki. Na usidhani mambo yote yamekwisha kujulikana. Kipepeo aitwaye Vanessa cardui, ambaye huonekana pia katika nyanda hizi za juu za Kenya, husafiri kati ya Afrika na Ulaya. Watu wa Ulaya walimwona miaka mingi akija lakini kurudi kwake kukawa fumbo, wengine wakaamini hufia huko huko. Ni rada ndizo zilizoonyesha kwamba hurudi akiwa juu sana, mamia ya mita, ambako jicho halimfikii. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kipepeo wa aina hiyo aliyeonekana ufukweni French Guiana mwaka 2013 alikuwa amevuka Bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, zaidi ya kilomita 4,000 za maji matupu. Habari hiyo yote ilianza na mtu mmoja aliyeona kipepeo mahali asipostahili kuwa, na badala ya kusema "Ah, kipepeo," akasimama.

Majibu ya wenzangu nimeyasikia bwenini kabla hata sijaandika. Wa kwanza anasema vipepeo hawaongezi gredi. Ndugu yangu, karatasi ya vitendo ya biolojia inakutaka utazame, uchore, uandike ulichokiona na siyo ulichokikariri. Utajifunza wapi kutazama, kwenye picha ya fotokopi iliyofifia? Na kama ni fedha unazotaka, kule Gedi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wakulima wamekuwa wakilea pupa wa vipepeo na kuwauza ng'ambo kwa maonyesho tangu mradi wa Kipepeo uanze mwaka 1993. Sidai kwamba weupe wetu watanunuliwa. Nadai kwamba neno "bure" tunalitumia upesi mno.

Mwingine anasema hii ni kazi ya wazungu. Hilo silikubali hata kidogo. Wazee wetu walisoma mawingu, ndege, na maua ya miti kabla ya kupanda wimbi. Walichokosa ni kalamu, na sisi kalamu tunayo, tunaitafuna.

Hoja ya tatu ina uzito, nami nitaijibu kwa heshima. Wazazi wengi wakiona vipepeo wengi husema viwavijeshi wanakuja, na hapo mtu huchukua pampu. Wana haki ya kuogopa. Viwavijeshi wamewahi kumaliza mashamba na malisho ya watu katika nchi hii. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka 2020 nzige walivamia Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2017, tuliingiliwa na yule kiwavijeshi mgeni mwenye asili ya Amerika, anayejificha ndani ya kikonyo cha mhindi. Mtu aliyepoteza ekari mbili haulizi mdudu kitambulisho. Lakini wazazi wangu, nisikilizeni. Mama yake kiwavijeshi ni nondo wa rangi ya vumbi, arukaye usiku na kubebwa na upepo. Hawa weupe wa mchana watoto wao hawali mahindi, wala mtama, wala nyasi za ng'ombe. Wanakula vichaka vyao nilivyovitaja. Mkulima mmoja karibu nasi alinyunyizia dawa ua wake wote kwa sababu ya vipepeo waliotua kulala. Mahindi yake hayakuokolewa na kitu chochote, kwa kuwa hayakuwa hatarini. Ila nyuki wa mzinga wa jirani walikufa, na dawa aliinunua kwa pesa za maziwa ya wiki mbili.

Hata vita dhidi ya viwavijeshi wenyewe vinapiganwa kwa daftari. Nchini Kenya na Tanzania huwekwa mitego yenye harufu ya nondo jike. Madume hujileta, huhesabiwa, na idadi yao ikilinganishwa na mvua watu huonywa mapema. Tanzania kuna vijiji ambako anayehesabu ni mwanakijiji mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Kama mkulima wa Tanzania anaweza kuhesabu nondo kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, mwanafunzi wa Sigor anaweza kuhesabu vipepeo dakika kumi badala ya kupanga foleni ya mandazi mapema.

Sasa nifike penye moto. Upande wa chini wa uwanja wetu kuna ua wa senetwet uliojiotea wenyewe miaka mingi. Kuna mpango wa kuufyeka wote na kupanda sipresi, kwa sababu ua huo unaonekana kama kichaka, na kichaka huficha nyoka na watoro. Kuhusu watoro sina la kusema, wanaotoroka wanajijua. Kuhusu nyoka nakubali kwamba karibu na mabweni pasafishwe. Lakini ile safu ya chini, iliyo mbali na mabweni na mbali na njia ya maji, iachwe. Mimi na wenzangu tulipekua majani yake tukakuta viwavi wa kijani wamejilaza kwenye mshipa wa katikati wa jani, usingewaona bila kuinama. Ni watoto wa wasafiri hao. Sipresi haitawalea. Pia akina mama wa kijijini huja kuomba vijiti vya mkaa wa vibuyu kwenye ua huo huo, na hawajawahi kufukuzwa. Sijui tutawaambia nini wakikuta sipresi. Nani aliyewahi kunywa mursik ya sipresi?

Mtaniuliza, kwa nini jambo hili liletwe kwenye Chama cha Kiswahili na si kwa watu wa sayansi? Ni kwa sababu ya majina. Tazama nilivyohangaika katika makala haya, Belenois, Catopsilia, Danaus, mpaka ulimi umeingia kona. Kiswahili kimempa kila samaki wa pwani jina lake, lakini hawa wote tumewafunga katika neno moja, kipepeo, kwa vile wanapepea. Nyanya zetu huenda wana majina yao kwa Kipsigis, na tusipowauliza leo, kesho tutayauliza makaburi. Kukusanya majina ni kazi ya lugha. Yule wa manjano mimi napendekeza tumwite mhamaji. Yule mweupe nimwachie mwenye kipaji kuliko mimi, lakini tafadhali asimwite "mweupe".

Ombi langu kwa mlezi wa chama na kwa viongozi ni daftari moja la kurasa 200, jalada gumu, likae maktaba mahali panapofikika. Safu ziwe tarehe, saa, jua au wingu, upepo unatoka wapi (moshi wa jikoni utatuonyesha), vipepeo wa rangi gani, wangapi kati ya milingoti kwa dakika kumi, wanaelekea wapi, na jina la aliyeona. Siku ambayo hakuna aliyepita pia iandikwe, sufuri, maana sufuri nayo ni habari. Anayekwenda likizo Longisa, Chebunyo, Sotik au kule juu kwenye chai aandike vivyo hivyo nyumbani kwao, kisha alete. Milingoti miwili ya uzio inatosha kwa asiye na goli, mradi apime upana wake.

Mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao nitaliweka jambo la daftari mezani, na la ua wa senetwet pia, kabla panga halijatangulia. Karatasi zetu tatu za mwaka huu ninazo, nitazibandika ukurasa wa kwanza. Mwenye rula ndefu aje nayo, kuna mistari mingi ya kupiga.